Kabla ya Kufunga Kilabu, Leteni Barua

Kilabu cha pombe kinapofungwa katika vijiji vya milimani huku Korogwe, mara nyingi hakuna karatasi. Wanakuja mgambo, siku nyingine wakiwa na mtendaji wa kijiji, siku nyingine peke yao. Tangazo ni la mdomo: kuanzia leo hapa hapauzwi kitu mpaka mtakapoambiwa. Mama anayeuliza amri ni ya nani anaambiwa imetoka juu. Ndoo zinamwagwa, makopo yanakusanywa, wazee wanainuka kwenye mabenchi na kuchukua fimbo zao. Baada ya wiki mbili tatu kilabu kinafunguka tena kimyakimya, bila mtu kutangaza kwamba ile amri imekwisha, na mkusanya ushuru anapita na mashine yake ya POS kama kawaida.

Naandika kukitetea kilabu hicho. Natetea mahali, na akina mama wanaopaendesha, na haki yao ya kuoneshwa amri iliyoandikwa, yenye jina la aliyeitoa, kifungu cha sheria alichokitumia, sababu yake na siku itakapokoma. Mwenye baa pale Korogwe mjini akifungiwa anaweza kumtafuta wakili. Mama wa boha wa Bungu hana hata kitu cha kumwonesha wakili.

Bungu ni kata ya Korogwe Vijijini iliyo juu, katika Usambara Magharibi. Chini kwenye tambarare kuna mkonge, zao lililoingia nchini kwa miche ya Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na reli iliyojengwa kwenda Moshi. Juu ni nchi nyingine kabisa: migomba, miwa, maharage kwenye miteremko, na mashamba ya chai kama Ambangulu na Dindira yanayowapa watu vibarua. Masika yakikolea, barabara ya udongo inateleza na gari za kupanda zinapungua. Siku hizo mtu wa mlimani anabaki na jirani zake, na jirani zake anawakuta kanisani, msikitini, gengeni au kilabuni.

Kileo cha huku ni boha. Miwa inamenywa, inatwangwa na kukamuliwa, maji yake yanachachushwa, na kesho yake au keshokutwa pombe iko tayari. Utamu wake ni wa siku moja. Ikipita hapo inakuwa kali, kisha inageuka siki. Ofisa anayesema "subirini mpaka Jumatatu" huenda anadhani ametoa agizo dogo. Kwa aliyepika Ijumaa, agizo hilo limekula mtaji mzima: bei ya miwa, ujira wa vijana waliotwanga, na mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa alikotoa fedha hizo. Bia ya chupa inakaa kwenye kreti miezi na haiharibiki. Boha haingoji. Amri isiyo na siku ya mwisho, ambayo mwenye baa ataiona kuwa usumbufu, inamfilisi mwanamke wa kilabu kabla hajapata hata nafasi ya kujieleza.

Na mtaji huo si wa mtu mmoja. Katika vilabu vingi vya vijijini nchini pombe huuzwa kwa zamu. Leo ni siku ya mama huyu, kesho ya mwenzake, na anayeuza siku isiyo yake hutengwa na wote. Kwa hiyo siku moja ya kufungwa inamwangukia mwanamke mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye alikuwa ameipangia fedha hiyo kazi: sare, daftari, michango ya shule ambayo haikwisha hata baada ya ada kufutwa, nauli ya kumpeleka mtoto hospitali.

Mambo ya kilabu yanaweza kumshangaza mgeni. Mpishi huonja kwanza mbele ya wateja kabla ya kuwamiminia, desturi ya zamani ya kuthibitisha kwamba humo hakuna kilichotiwa. Deni huandikwa ukutani kwa mkaa, na likikaa sana linasomwa kwa sauti watu wakisikia. Mgomvi hutozwa faini ya jagi, na asiyetaka kulipa anajua kwamba kesho hatahudumiwa na mama yeyote wa zamu. Mzee ana benchi lake, na kijana aliyelikalia huinuka bila kuambiwa. Hakuna halmashauri iliyowaandikia sheria hizo wala inayomlipa mtu kuzisimamia. Zinafuatwa kwa sababu waliozitunga ndio wanaozitumia, na nimeona sheria ndogo nyingi zenye mihuri ambazo haziheshimiwi hata nusu ya hivyo.

Hapo kilabuni ndipo fundi wa kuezeka anapopatikana, ndama anapopangiwa bei, mchango wa msiba unapoanza kukusanywa kabla maiti hajafika nyumbani. Anayekumbuka mpaka wa shamba ulipitia mti gani yupo hapo, na wa kumbishia yupo benchi la pili. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Kilabu kinakaa kila jioni. Mapato na matumizi ya kijiji yanaulizwa kilabuni kwanza, yakapata uzito, ndipo yafike mkutanoni. Sishangai kwamba baadhi ya viongozi wanapaona ni mahali pabaya.

Tabia hii ya dola kukifukuza kilabu huku ikikila ina umri mrefu. Waingereza walipotawala Tanganyika waliweka vibali vya pombe za wenyeji, na tawala za wenyeji zikavigeuza kuwa chanzo cha fedha. Kenya walikwenda mbali zaidi: tangu miaka ya 1920 manispaa ya Nairobi ilijifanya yenyewe mwuza pombe wa Waafrika, ikawa na ukumbi wake wa pombe Pumwani, ikamkamata mwanamke aliyepika nyumbani, na faida ikawekwa kwenye mfuko wa huduma za Waafrika hao hao. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu historia ya vileo Afrika Mashariki, ameonesha jinsi watawala wa ukanda huu walivyoyumba kizazi baada ya kizazi kati ya kutoza na kupiga marufuku.

Uhuru haukuiondoa tabia hiyo. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa na madaraka yakaenda kwa maofisa wa mikoa na wilaya, hivyo kwa karibu miaka 10 mwanakijiji hakuwa na diwani wa kumlalamikia. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mtu awe na kazi, na mtu aliyekutwa kilabuni asubuhi aliweza kuhesabiwa mzururaji. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, ilifutwa. Watu walishangilia kwa haki, lakini halmashauri zilibaki na pengo, na macho yakageukia vyanzo vidogo vilivyobaki vijijini. Mwaka 2016 Rais Magufuli alikemea vijana wanaocheza pool tangu asubuhi, na kila ofisa wa chini aliyetaka kuonekana anafanya kazi akapata pa kuanzia. Baa ilikuwa rahisi kufikiwa kuliko bwawa la umwagiliaji ambalo halijajengwa.

Jambo moja katika historia hiyo halisemwi vya kutosha. TANU, chama kilichopigania uhuru, ilipozaliwa Julai 1954 ilihitaji watu wenye fedha zao mkononi na wasioogopa polisi. Susan Geiger, aliyemhoji Bibi Titi Mohamed na wenzake kwa kitabu chake cha mwaka 1997, alionesha kwamba wanawake walioibeba TANU Dar es Salaam walitoka katika vikundi vya ngoma na biashara ndogondogo, wapika pombe wakiwemo. Walikuwa wanawake ambao hawakusubiri ruhusa ya mume wala mwajiri ili watoe senti zao. Nchi hii ilijengwa kwa sehemu na mapato ya jagi. Ningependa mkuu wa wilaya yeyote anayetuma mgambo kumwaga ndoo ya mama alikumbuke hilo.

Nayo Usambara ina kumbukumbu yake ya amri zinazotoka juu. Mwaka 1946 Waingereza walianza mradi wa kuhifadhi ardhi katika bonde la Mlalo, kisha wakaueneza milimani kwa nguvu ya sheria. Watu walilazimishwa kulima matuta kwenye miteremko, kazi nzito iliyowaangukia zaidi wanawake, na asiyelima alishtakiwa. Wataalamu walikuwa na sababu: udongo ulikuwa kweli ukimomonyoka. Walichokosa ni kuwauliza wenye mashamba. Wasambaa walikataa, wakakataa tena, na mwaka 1957 mradi ukaachwa. Wajukuu wa watu hao ndio wanaoambiwa leo kwamba kilabu kimefungwa na wasiulize kwa nini.

Sasa niseme la upande wa pili, kwa sababu ni la kweli. Pombe inaharibu nyumba. Mke ambaye mume wake anamaliza kilabuni ujira wa kuchuma chai ana haki ya kutaka saa za kufungua ziheshimiwe. Mwalimu ambaye wanafunzi wake wanapita kilabuni kila mchana ana haki ya kutaka kihamishwe. Serikali ilipopiga marufuku viroba Machi 1, 2017 niliunga mkono, na bado naunga mkono: pombe kali kwenye kifuko kidogo iliingia mfukoni mwa sare ya shule. Gongo, pombe kali ya kienyeji iitwayo pia moshi, ni haramu tangu Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, na anayeitengeneza bila kipimo anahatarisha macho na maisha ya watu. Kenya walizika zaidi ya watu 100 mwaka 2000, Nairobi, baada ya kinywaji cha bei rahisi kuchanganywa na methanoli.

Lakini tazama mfuatano wa mambo hukohuko Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Rais Moi ilifunga vilabu vya pombe za kienyeji, vile vya busaa vilivyojulikana vilipo na wauzaji wake. Mwaka 1980 ikatungwa sheria ya kuipiga marufuku chang'aa, gongo la kwao. Kilichofuata ni miaka 30 ya chang'aa kupikwa kando ya mito na vichochoroni, askari akilipwa ili apite, mnywaji asijue alichomiminiwa. Mwaka 2010 sheria mpya ya vileo iliifuta marufuku hiyo, wabunge wakikubali kwamba ni afadhali kitu kidhibitiwe kikiwa mwangani. Busaa ilikuwa ya kuchacha, ikinywewa hadharani, ikionjwa na mpishi. Ilipofungiwa, mnywaji hakwenda nyumbani kulala. Alikwenda kwenye kinywaji kinachofichika, na kinachofichika ni kile kikali, kwa sababu chupa moja inabeba ulevi wa ndoo nzima. Kila kilabu cha boha kinachofungwa mlimani kinampa mwenye gongo wateja ambao jana hakuwa nao.

Kwa hiyo sisemi vilabu viachwe vijiendee. Nasema vidhibitiwe kwa sheria, na sheria tunayo. Sheria ya Vileo ni ya mwaka 1968. Ina leseni, ina saa, ina adhabu, ina mamlaka ya kutoa na kunyang'anya. Kasoro zake nazijua: leseni ya vileo ni ya miezi 6, maana yake mwanamke wa zamu anatakiwa kurudi kuomba mara 2 kila mwaka, akishuka mlima kwenda kutafuta mtandao na mtu wa kumjazia kwenye mfumo wa TAUSI, na namba ya mlipakodi na kitambulisho cha taifa juu yake. Wengi hawafiki mwisho wa safari hiyo. Wanabaki nusu ndani, nusu nje: ushuru wanalipa, risiti wanazo, leseni hawana. Hapo ndipo mtu mwenye cheo kidogo anapopata nguvu kubwa. Akiwa na hasira, huna leseni. Akiwa na shida, lipa ushuru.

Mwaka 2018 Serikali ilikubali kwa maandishi, katika Mpango wa Kuboresha Mfumo wa Udhibiti wa Biashara ulioitwa MKUMBI, kwamba mlolongo wa vibali, tozo na wakaguzi unawaumiza wafanyabiashara. Desemba mwaka huohuo vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Vilisaidia, na mama aliyekuwa nacho angalau aliweza kuonesha kitu. Ila kitambulisho kinasema wewe ni nani. Hakimlazimishi anayekufungia aseme yeye ni nani.

Katiba inamlazimisha. Ibara ya 13(6)(a) inataka mtu ambaye haki zake zinaamuliwa asikilizwe, na awe na njia ya kukata rufaa. Ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Hata ile nguvu inayoogopwa kuliko zote wilayani, ya mkuu wa wilaya kumweka mtu ndani saa 48 chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, haikuachwa iwe ya mdomo: anayeitumia anatakiwa kuandika sababu zake na kuzifikisha kwa hakimu. Bunge liliona kwamba aliye juu asipoandika, aliye chini hana pa kusimama. Ikiwa mkuu wa wilaya anaandika, mgambo anayemwaga ndoo anaachwaje bila kuandikiwa?

Karatasi inabadilisha mambo mengi. Mwaka 2011 wenye baa wa Murang'a, mji mdogo wa mashambani nchini Kenya, walikwenda Mahakama Kuu Nairobi kuishtaki serikali kuhusu ile sheria ya mwaka 2010, iliyowawekea saa za kufungua kuanzia jioni siku za kazi. Ninachotaka msomaji akione si hukumu. Ni kwamba waliweza kwenda. Walikuwa na sheria yenye namba na vifungu, wakavitaja kimoja kimoja mbele ya jaji. Watu wa mji mdogo wenye mabenchi na kreti walikaa chumba kimoja na serikali yao, wakabishana nayo kwa maandishi.

London kuna baa ya kona iitwayo Carlton Tavern, mtaa wa Maida Vale. Aprili 2015 wamiliki waliibomoa ghafla bila kibali ili wajenge nyumba za kuuza. Majirani walipiga kelele, na halmashauri ya Westminster ikatoa amri: ijengeni upya, tofali kwa tofali, kama ilivyokuwa. Wamiliki walikata rufaa wakashindwa. Aprili 2021 baa ile ilifunguliwa tena, na sura yake ya zamani. Naitaja kwa sababu maofisa wa halmashauri ndio waliosimama upande wa kilabu. Walikuwa na kanuni iliyowaambia kwamba mahali ambapo jirani hukutana na jirani pana thamani ambayo haiko kwenye bei ya kiwanja, na walikuwa na barua yenye muhuri ya kuitetea. Uingereza si nchi ya kuigwa kwa kila jambo, na baa zake nyingi zimekufa. Hilo moja tunaweza kulichukua.

Baraza la Madiwani la Korogwe Vijijini lina uwezo wa kutunga sheria ndogo, na halmashauri ya kijiji nayo ina uwezo huo chini ya sheria ya mwaka 1982, ikiidhinishwa na wilaya. Bungu wanaweza kuanza wenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji uamue kilabu kikae wapi, umbali gani kutoka shule, kifunguliwe saa ngapi kwa kuzingatia sheria ya nchi, na akina mama wa zamu waorodheshwe kama kikundi kimoja chenye leseni moja badala ya kila mmoja kushuka Korogwe peke yake. Mke anayelalamika asimame hapohapo alalamike, kura zipigwe, mwandishi aandike. Bwana afya aje kukagua maji, vyombo na choo, aache ripoti, na arudi baada ya siku alizotoa kuona kama kimerekebishwa.

Na pakitokea sababu ya kufunga, fomu iwe ya ukurasa mmoja: jina na cheo cha anayefunga, kifungu cha sheria, kosa lililoonekana, siku kilabu kitakapofunguliwa au kosa likirekebishwa, na ofisi ya kukatia rufaa. Nakala moja ibaki kwa mama wa zamu, moja ofisi ya kata, moja ibandikwe mlangoni ili wateja waisome. Pombe iliyokwisha kupikwa kihalali siku hiyo iruhusiwe kuuzwa hadi saa ya kawaida ya kufunga, isipokuwa bwana afya ameandika kwamba ni ya hatari. Mtendaji anayekuja bila fomu hiyo aambiwe na mama yeyote aliyepo, kwa adabu ileile anayomsalimia nayo njiani: "Mwanangu, karibu ukae. Barua ikifika, tutafunga."